Jina la Baba Mkwe na Mtihani wa Leseni

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu wa Songambele! Na ninyi wageni mliotoka Kayanga mkafika hapa na vumbi hadi kwenye kope, apewe sifa kwenu pia. Wazee wetu, shikamooni. Wale wa kwetu Bweranyange mliokuja kunisindikiza nimewaona, mmebanana benchi moja kama kawaida yenu, wala hamtaki kuchangamana na watu.

Kwa wasionijua, mimi ni Editha, mke wa Elisha, mama yake Asimwe. Nilizaliwa kwenye migomba na kahawa, nikaolewa kwa watu wa ng'ombe. Mchungaji ameniambia niseme kwa kifupi. Mchungaji ananijua, kwa hiyo amejisemea tu.

Ndugu zangu, nimesimama hapa kumshukuru Mungu kwa sababu leo nina leseni ya uuguzi. Kuna watu hapa wataona ni jambo dogo. Watasema, si alisoma chuo, si alimaliza, leseni itamshindaje? Nataka mjue kwamba muuguzi aliyemaliza chuo bila leseni ni sawa na mtu aliyepika akanyimwa kupakua. Huruhusiwi kumgusa mgonjwa. Miaka yako yote ya chuo inabaki kuwa hadithi ya kuwasimulia wageni. Mimi nilikaa katika hali hiyo, na nilifika mahali pa kukata tamaa kabisa, na kilichonifunga hakikuwa ujinga wala uvivu. Kilichonifunga ni heshima.

Hapo wazee wameinua vichwa. Tulieni, wazee wangu, nitafika.

Ninyi wa hapa mnajua, lakini wacha nieleze kwa ajili ya wageni. Katika familia niliyoolewa, mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake usoni. Hakai naye chumba kimoja. Akimwona anakuja njiani, anaingia porini mpaka apite. Akitaka kumwambia neno, anampa mtu mwingine alipeleke. Na jina lake halitamki. Sio mbele yake tu. Hata mzee akiwa safarini, hata akiwa amelala, hata kama unamtaja mtu mwingine kabisa aliyepewa jina kama lake. Tuna jirani mwenye jina hilohilo, anakaa karibu na josho la kuogeshea ng'ombe. Tangu niolewe mimi nilimwita "yule wa karibu na josho", na maskini ameshazoea, anaitika.

Msidhani baba mkwe wangu alikuwa mkali kwangu. Yule mzee alinipenda tangu siku ya kwanza, ila alinipenda kwa mbali, kama desturi inavyotaka. Akitaka kupita upande wa nyumba yetu alianza kukohoa angali mbali, ili nipate nafasi ya kujiondoa. Mtu hana kikohozi, hana mafua, anakohoa tu ili wewe usiaibike! Wakati nasoma chuo, nikirudi likizo, nilikuta ekyanzi mlangoni kwetu kila asubuhi, kile chombo cha mti cha maziwa, kimefunikwa vizuri. Sikuwahi kumwona akikiweka. Na siku moja nikiwa jikoni nilimsikia nje anaongea na ukuta. Akauambia ukuta, "Mwambie yule msomi ale. Amekonda, watu watasema hapa hakuna chakula." Mimi nikauitikia ukuta, "Nimesikia." Ndivyo tulivyoishi, na tuliishi kwa amani.

Basi nikamaliza chuo, wakati wa mtihani wa leseni ukafika. Mtihani huo una sehemu mbili, ya kuandika na ya vitendo. Ya kuandika sikuiogopa. Ya vitendo ndiyo inayowaliza watu. Mnaingizwa ukumbini, na humo kuna vituo vimetengwa kwa mapazia. Kituo hiki unafunga kidonda, kituo kile unapima presha, kwingine unamhudumia mama aliyejifungua. Kengele ikilia unahama, umemaliza hujamaliza. Na kila kituo kina msimamizi ameketi kitini na kalamu yake, hasemi, hacheki, wala hakuoneshi kwa uso kama umepatia au umeharibu.

Nilikwenda vizuri, ndugu zangu. Kidonda nilikifunga hata mwenyewe nikakipenda. Kisha kengele ikalia, nikaingia kituo cha kutoa dawa.

Kitandani alilala mzee mwenye mvi. Hakuwa mgonjwa, ni mtu aliyeombwa alale pale aigize. Miguuni pake kuna kadi, pembeni kuna sinia la dawa. Sasa sikilizeni sheria ya kazi yetu. Kabla hujampa mtu dawa, unamwomba akutajie jina lake kwa kinywa chake mwenyewe. Unalisoma kwenye kadi. Unalitamka na wewe, kwa sauti, mpaka mkubaliane kwamba ndiye. Hairuhusiwi kumuuliza, "Wewe ni fulani?" kwa sababu mgonjwa aliyechoka anaitikia chochote. Sheria hiyo naijua hata usingizini.

Nikaishika kadi, nikasoma. Imeandikwa Katabaro.

Naona mmeguna. Ndiyo, nimelitaja, na mwenyewe yuko pale nyuma, na paa la kanisa halijaanguka. Lakini siku ile, ndugu zangu, sikuweza. Nikajikuta nimepiga magoti kando ya kitanda, macho sakafuni, kadi nimeikumbatia kifuani. Msimamizi ilibidi ainuke kitini achungulie mtahiniwa amekwenda wapi. Nikasema, "Shikamoo, baba." Mzee akasema, "Marahaba." Nikatafuta jina kinywani, halipo. Ulimi ulikuwa mzito kama nimelambishwa utomvu wa ndizi. Nikasema, "Baba, ndiye wewe uliyeandikwa hapa?" Akasema, "Ndiyo." Nikampa dawa. Kengele ikalia, nikatoka na jasho mgongoni.

Baadaye nikakutana na yule mzee nje, amekaa kivulini anakunywa chai. Akaniita kwa upole. Akaniambia, "Mwanangu, mbona hukuniuliza jina? Mimi siitwi vile. Wamenilaza makusudi kwenye kitanda chenye kadi ya mtu mwingine, nikaambiwa niitike kila nitakaloulizwa. Wenzako waliponiambia nitaje jina nililitaja, wakagundua. Wewe umeninywesha dawa ya watu."

Ndugu zangu, maneno yale yalinikata. Kufeli kunauma, lakini kuna kitu kinauma zaidi ya kufeli. Nilijiona niko wodini kweli, na yule mzee ni mgonjwa kweli, na mimi nimepiga magoti vizuri kabisa, nimesalimia kwa adabu zote nilizofundwa, halafu nimempa sumu. Nilirudi Songambele najua jibu kabla matokeo hayajatoka. Nayo yalipotoka, kuandika nilifaulu, vitendo nikaanguka. Nikatakiwa kurudia.

Nilimweleza Elisha peke yake. Kumweleza kwenyewe kulikuwa kazi, kwa sababu hadithi yenyewe imekaa juu ya jina nisiloweza kulitamka. Nikasema, "Kadi ilikuwa na jina la yule wa karibu na josho." Hakuelewa. Nikasema, "Jina la mwenye ng'ombe hawa." Hapo akaelewa, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanitazama akaona mimi sicheki, akaacha. Mume wangu ana moyo, Mungu ambariki. Alisema, "Tutafanya mazoezi mpaka uzoee."

Na kweli tulifanya. Kuchoma sindano nilijifunzia kwenye migomba ile michache iliyo nyuma ya nyumba. Mama mkwe akawa anawaambia majirani kwamba migomba yake imepata chanjo zote, hakuna ugonjwa utakaoigusa tena. Mama huyo yuko pale, amefunika mdomo na kanga, ndiyo kawaida yake akitaka kucheka kanisani. Vidonda tulifunga kwenye mto tuliouvalisha shati. Asimwe alipimwa joto mpaka akawa akiniona anakimbia. Kila kitu kilikwenda, ila tukifika kwenye jina la mzee, ninakwama. Elisha akilala akaigiza, akisema "Mimi ni mzee fulani," hata akitaja jina la kubuni, mimi nakiona kichwa cha mzee kimelala pale, ulimi unafunga. Haikuwa tena jina moja. Nilikuwa nimeshindwa kumuuliza jina mzee yeyote aliye chini ya jua.

Wanawake wenzangu wa kanisa walisikia kwamba nimeanguka, wakaja kuniombea. Mama Mwinjilisti aliniwekea mikono kichwani, akaiamuru roho ya ububu initoke. Aliiamuru kwa nguvu, mbuzi wa jirani wakatawanyika. Roho haikutoka. Mama Mwinjilisti, nisamehe mama yangu, unajua ninavyokupenda, nadhani haikutoka kwa sababu haikuwemo. Lakini machozi yako yalinidondokea shingoni siku ile, na mpaka leo nayakumbuka kuliko maneno. Mungu aliyaona.

Wakati wa kurudia mtihani ukakaribia. Ndipo nilipofika mwisho wangu. Niliikunja sare yangu nikaiweka chini kabisa ya sanduku, juu yake nikapanga mashuka. Nikamwambia Elisha kwamba sitakwenda. Nikasema heri nilime kuliko kwenda kuua wazee wa watu. Alitoka nje akakaa muda mrefu.

Na maombi yangu siku zile, ndugu zangu, wacha niseme ukweli wake. Nilimwomba Mungu abadilishe kadi. Nilimwomba awaweke vijana peke yao kwenye vile vitanda. Nilimpangia Mungu jinsi ya kunisaidia. Yeye alikuwa na njia yake, na njia yenyewe ilikuwa inachunga ng'ombe hapohapo nyumbani.

Elisha alimwambia mama yake. Mama akamwambia mzee. Mzee akachukua fimbo yake akaenda machungani. Siku zikapita, nikajua jambo limeishia hapo.

Alasiri moja nilikuwa sebuleni kwa mama mkwe napanga nguo. Nikasikia kikohozi. Nikainuka haraka nipitie mlango wa nyuma, nikamkuta mama mkwe amesimama mlangoni, amejaa mlango mzima. Nikasema, "Mama, nipishe, anakuja." Akasema, "Najua anakuja." Hakusogea.

Mzee akaingia. Ndugu zangu, nilijibana ukutani kama nataka kuingia ndani yake. Yeye hakunitazama. Akavua kofia lake la pama, akaliweka juu ya meza. Akalaza fimbo chini. Akajinyoosha kwenye kile kitanda kidogo cha wageni, viatu vya matairi miguuni, macho darini, akakunja mikono kifuani. Kisha akasema, kwa Kiswahili, "Muuguzi, mimi naumwa."

Alikuwa hajawahi kunisemesha moja kwa moja, hata neno moja. Na nyumbani kwake haongei Kiswahili, ni Kinyambo chetu tu. Kiswahili chake alikiokota mnadani, anakitumia kwa wanunuzi wa ng'ombe na kwa bwana mifugo. Baadaye nilielewa kwa nini alikichagua. Kwa Kinyambo tungekuwa mkwe na mkwe. Kwa Kiswahili tulikuwa hospitali.

Nikasema, "Baba..."

Akasema, "Baba yako yuko Bweranyange, kwenye migomba. Hapa yuko mgonjwa. Mgonjwa anauliza, wewe hutaki jina lake?"

Sauti yangu ilitoka ndogo. Nikasema, "Naomba unitajie jina lako."

Akasema, "Katabaro. Sasa sema wewe."

Sikuweza. Nilifungua kinywa nikakifunga. Mzee akangoja. Nikalia, akangoja. Nikajifuta kwa kanga, akangoja tu, macho darini.

Ndipo ng'ombe wakarudi. Ninyi wa Bweranyange hamtaelewa, wacha niwaambie. Mzee mwenye ng'ombe lazima asimame mlangoni mwa zizi wakati wanaingia. Anawatazama mmoja mmoja, nani anachechemea, nani hakushiba, nani amebaki nyuma. Tangu niolewe sikuwahi kuona jioni aliyokosa. Aliwahi kusimama pale na homa, akitetemeka, amefunikwa blanketi. Siku ile tulisikia kwato, tukasikia wanalia wanamtafuta, kwa maana nao wamemzoea. Mzee aligeuza kichwa kidogo kuelekea dirishani. Nikajua sasa atainuka. Akakirudisha kichwa, akatulia.

Nikasema, "Ng'ombe wamefika."

Akasema, "Nimesikia. Mimi ni mgonjwa, siwezi kuamka. Muuguzi hajanipa dawa."

Kisha akasema maneno ambayo nitakufa nayo. Alisema polepole, akitafuta Kiswahili chake. "Nimesikia kule kwenye mtihani ulimpa mtu dawa ya mwenzake kwa sababu ya jina langu. Jina hili alinipa baba yangu niishi nalo. Sitaki liue mtu." Halafu akasema, "Na kila jioni nasikia mnaomba huko ndani. Mnamwita Yesu, Yesu, Yesu. Mnamwita kwa jina, hata shikamoo hamumpi. Yeye hajakasirika. Mimi ni nani?"

Ndugu zangu, kitu kilivunjika ndani yangu. Nimehubiriwa tangu nikiwa Shule ya Jumapili, nimehudhuria semina, nimekaa kwenye mikesha, lakini neno la Mungu lilinifikia siku ile kutoka kwa mzee aliyelala na viatu kitandani. Nilimtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni, na nikaona kumbe Elisha kafanana naye hivyo, kumbe ana kovu dogo juu ya jicho, kumbe naye alikuwa anaogopa. Midomo ilikuwa inamcheza. Desturi ile ilikuwa yake zaidi kuliko yangu, na alikuwa anaivua mbele yangu kama mtu anayevua koti wakati wa baridi ili akufunike wewe.

Nikasema, "Katabaro."

Akasema, "Sijasikia. Mgonjwa ni mzee."

Nikasema kwa sauti, "Katabaro!" Nje mbwa akabweka.

Akasema, "Ndiye mimi. Lete dawa." Nikampa maji kwenye kikombe, akanywa yote, akajifuta mdomo. Akaokota fimbo, akavaa pama, akaenda zizini kuwaona ng'ombe wake gizani kwa kupapasa. Mama mkwe akatoka mlangoni akakaa kitandani pale alipolala mumewe. Akasema, "Kumbe linatamkika." Tukaanza kucheka, tukacheka na kulia pamoja, ugali ukachelewa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kesho yake mzee alituma neno, safari hii si kwa ukuta, kwamba desturi haifunguliwi kwa mikono mitupu. Akanipa mtamba mwenye madoa. Akasema ni wa yule aliyemtibu.

Tangu siku hiyo, jamani, nilipata mgonjwa! Alasiri ikifika anakuja kuugua. Leo tumbo, kesho mguu, keshokutwa amejifungua mapacha. Ndiyo, hata hilo aliigiza, kwa sababu Elisha alimwambia mtihanini kuna kituo cha wazazi, na mzee akasema basi mazoezi yasiwe na ubaguzi. Elisha alimwandikia kadi za majina, na mzee akawa ananitega. Anaweka kadi ya Petro, ananitajia Yohana, halafu ananiangalia kwa jicho la pembeni. Nikimkamata, anapiga paja na kusema, "Huyu mnunuzi haibiwi!" Nilipomuuliza kama kuna dawa inayomdhuru, alijibu kwamba pombe ya rubisi humdhuru kidogo, lakini tu akiinywa nyingi. Mchungaji, hilo alikuwa anaigiza.

Sare ikatoka chini ya sanduku. Siku ya kuondoka nilipanda gari alfajiri kuelekea Kayanga na kuendelea, na mzee alinisindikiza hadi barabarani. Aliniwekea mkono kichwani, mkono mzito wenye harufu ya maziwa na moshi, akasema kwa Kinyambo kwamba Mungu anitangulie. Nami nilisimama. Sikujificha.

Kituo cha dawa kilikuwepo vilevile. Kitandani alilala mzee, mwingine, mwenye kipara. Nilisimama wima nikamtazama. Nikasema, "Shikamoo, mzee wangu. Mimi ni muuguzi Editha. Nimekuletea dawa, lakini kwanza naomba unitajie majina yako yote." Akayataja. Nikasoma kadi. Nikayatamka kwa sauti ambayo nadhani walinisikia hata kituo cha jirani. Alikuwa ndiye. Nikamuuliza kama kuna dawa inayomdhuru, akasema ipo, na kumbe ndiyo hiyohiyo iliyokuwa siniani. Huo ndio ulikuwa mtego wa siku ile. Nikairudisha dawa siniani, nikamwambia msimamizi, "Dawa hii mgonjwa wangu hapewi. Namwita daktari." Msimamizi hakucheka, hawachekagi wale. Lakini mimi nilitoka pale nikiwa na amani, maana nilijua kwamba mzee yule, angekuwa mgonjwa kweli, angeamka kesho.

Matokeo yalipotoka Elisha aliyaona kwenye simu, akanipa nisome mwenyewe. Nimefaulu. Sikukaa nishangilie. Nilivaa kandambili nikaenda machungani, nikapita nyasi zile ndefu mpaka nikamwona mzee mbali, ameegemea fimbo, ng'ombe wamemzunguka. Nilikuwa na ruhusa ya kumwita kwa jina lake. Alinipa mwenyewe, mbele ya shahidi, na mtamba juu. Lakini nilipofungua kinywa, neno lililotoka ni, "Baba!"

Akageuka. Akaniona, akaona uso wangu, akajua. Yule mzee alivua pama akalitupa juu, mbele ya ng'ombe wote.

Ndugu zangu, sasa hivi nafanya kazi zahanati, na Mungu ni mwema. Sijasimama hapa kuwaambia mtupe heshima. Mimi bado nampigia magoti mama mkwe wangu nikimsalimia, na nitampigia mpaka mmoja wetu aondoke. Ninachosema ni kwamba wapo kati yenu wanaomwogopa Mungu kama nilivyomwogopa baba mkwe wangu. Mnamheshimu sana, mnajificha porini akipita, mnamtumia ujumbe kupitia mchungaji. Mnaona ninyi ni wadogo mno kumsemesha. Nakuomba leo, ndugu yangu, mwite. Mwite ukiwa umepiga magoti au umelala, kwa Kiswahili au kwa Kinyambo, na kama sauti haitoki mwambie hivyohivyo kwamba haitoki. Alikuja mwenyewe mpaka ndani ya nyumba yetu ili tuweze kumwita.

Nawashukuru wote mlioniombea. Namshukuru Elisha, namshukuru Mama, nakushukuru wewe Baba uliyekaa pale nyuma na kuinamisha kichwa.

Na ninyi wazee wengine wa Songambele, nawapenda, ila niwaambie mapema ili tusije tukagombana. Siku mmoja wenu atakapougua, akaletwa pale zahanati, akanikuta mimi, nitamsalimia kwa heshima zote. Kisha nitakuuliza jina lako, mzee wangu, na nitalitamka kwa sauti mbele ya watu, na ndipo nitakupa dawa iliyo yako.